Mji mdogo ukikua, mauaji na ukabaji vinaongezeka kweli au hesabu zinatuchezea? (uzi mrefu, njoo na kiti)

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeulaza siku nyingi, leo acha niumwage. Kila nikipita mitandaoni nakuta mtu analalamika mji fulani uliokuwa mtulivu, watu walikuwa wanalala milango wazi, sasa umekuwa machinjio, na ushahidi anaoleta ni ule ule, "mauaji yameongezeka mara mbili". Ukimuuliza mara mbili kutoka ngapi kwenda ngapi, kimya. Ukimuuliza watu wameongezeka kiasi gani, anakuona wewe ndio unatetea majambazi.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la sita. Chukua mji wa kufikirika una watu 80,000, mwaka huo wameuawa watu 3. Miaka inakwenda, watu wanamiminika, kimejengwa chuo, viwanda, barabara, mji unafika watu 120,000 na mwaka huo wameuawa 6. Gazeti litaandika "mauaji yapaa kwa asilimia 100" na wala halijadanganya. Lakini ukigawa kwa watu waliopo, ulitoka 3.75 kwa kila watu 100,000 ukafika 5. Hapo umepanda kwa theluthi moja. Bado ni kupanda, sijasema hakuna kitu, ila theluthi na mara mbili ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anayetaka kuhama au kununua kiwanja anastahili kujua ni kipi.

Na hata hio theluthi usiikimbilie. Miji midogo ina ugonjwa wake, namba ni ndogo mno. Mji ambao kwa kawaida unapata wastani wa mauaji 4 kwa mwaka, bila kitu chochote kubadilika, hakuna genge jipya, hakuna polisi mpya, kwa bahati tu kama mwaka 1 kati ya 5 utakuta yameshuka hadi 1 au chini yake, ama yamepanda hadi 7 au zaidi. Ni kama kurusha sarafu. Mwaka wa mauaji 1 mkuu wa polisi anapewa cheti, mwaka wa mauaji 7 anahamishwa, mwaka unaofuata inarudi 4 na aliyekuja baada yake anasifiwa kwa kazi ambayo hajaifanya. Alafu mauaji yenyewe hayaji moja moja kila mara, ugomvi mmoja wa usiku unaweza kuondoka na watu watatu, tayari mwaka mzima umeharibika kwenye chati.

Kwahiyo mimi mji mdogo nikitaka kuujua nafanya hivi, najumlisha miaka mitano nalinganisha na mitano iliyotangulia. Naacha kuangalia mauaji peke yake, naangalia na kujeruhi na uporaji wa kutumia nguvu maana hizo zipo nyingi kidogo hazirukiruki hovyo. Na naangalia miji mingine ya saizi hio hio, hii watu wengi wanaisahau. Marekani mwaka 2020 mauaji yalipanda karibu asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja, haijawahi kutokea kwenye rekodi zao, na yalipanda miji mikubwa, miji midogo, mpaka vijijini. Sasa mtu wa mji mdogo unaokua akasema "unaona, ni haya maghorofa mapya", wakati mji wa jirani ambao watu wanaukimbia nao umepanda vile vile? Alafu 2023 na 2024 yakashuka kwa nguvu, maghorofa yakiwa palepale.

Hoja yangu yenyewe ndio hii, swali la "mji umeharibika?" ni swali baya. Mji mzima huwa hauharibiki. Zinaharibika kona chache, saa chache, na watu wachache sana. Nitakuja na ushahidi huko chini, kwanza nisikie wadau.

mti_mkavu

Sasa mkuu nikiwa nimekabwa shingo namwambia kibaka "subiri kwanza tugawe kwa laki moja"? 😂😂

Kalamu Nyekundu

Hahaha, hapana, wewe toa simu. Hesabu tutafanya sisi tuliobaki na pumzi.

Dada Mkweli

Uzi mzuri ila mkuu umerahisisha hapo kwenye kugawa. Umegawa kwa watu wapi? Sensa nchi nyingi ni kila miaka 10. Mji unaokua kwa kasi, mwaka wa nane baada ya sensa ile idadi ya kwenye makaratasi ni hadithi ya zamani, watu wa kweli ni wengi kuliko hapo, kwahiyo ukigawa kwa idadi ndogo kiwango kinatoka kikubwa kuliko uhalisia. Wataalamu wanakadiria katikati ya sensa na sensa, lakini makadirio kwa mji mdogo ndio yanayokosewa zaidi.

Na kuna kitu kingine kinaumiza miji midogo iliyochangamka. Mji una wakazi laki moja ila mchana wanaingia watu kutoka vijiji vyote vinavyouzunguka, wengine sokoni wengine hospitali wengine shule. Wikiendi usiku wanakuja kunywa. Wakipigana huko baa tukio linaandikwa la mji huo, ila wao kwenye kugawa hawamo maana wanalala kwingine. Ndio maana mji mdogo ambao ni kitovu cha eneo lake unaonekana mbaya kuliko mji wa saizi ile ile ambao watu wanalala tu wakiamka wanaenda kazini kwingine. FBI wenyewe wanaotoa hizo takwimu za Marekani wanaonya kila mwaka watu wasipange miji nani wa kwanza nani wa mwisho kwa kutumia namba zao, na kila mwaka watu wanapanga.

Kalamu Nyekundu

Dada umenishika pabaya 🙌 hapo kwenye watu wa mchana nimekubali kabisa.

Mzee wa Doria

Vijana salamu. Mimi nimestaafu, sitataja nilikofanya kazi. Mnabishana kugawa wakati hamjauliza hio namba ya juu imetoka wapi.

Tukio ili liwe takwimu lazima mtu aje kituoni, lazima mtu wa mapokezi akubali kuliandika, na lazima aliandike kwa jina lake. Mtu kapigwa chupa kichwani, unaweza kuandika kujeruhi, unaweza kuandika ugomvi wa walevi, unaweza kumwambia nendeni mkapatane nyumbani. Kituo kidogo chenye askari wachache na kalamu moja, nadhani mnanielewa. Sasa mji ukikua wanaleta kituo kipya, kompyuta, dawati la akina mama, namba ya kupiga simu. Mwaka huo huo "uhalifu unapanda". Haujapanda, umeanza kuandikwa! Na nimeshaona upande wa pili pia, bosi anataka namba zishuke, zinashuka, mtaani hakuna kilichobadilika.

Msidhani ni huku kwetu tu kwenye vituo vyetu. England na Wales mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walikagua wakakuta matukio ya kuumiza watu yaliyoripotiwa, kama theluthi moja hayakuwa yameandikwa kama uhalifu. Mwaka huo huo takwimu za polisi zilikuwa zimeshanyang'anywa ile hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa. Polisi wakabanwa, wakaanza kuandika ipasavyo, na namba za ukatili za polisi zikapaa, wakati ule uchunguzi wao wa kuwauliza watu majumbani haukuonyesha kupaa kwa namna ile. Aliyesoma gazeti tu alijua nchi inateketea.

Nao Marekani 2021 walibadilisha mfumo wa kukusanya, maelfu ya idara za polisi hazikuleta taarifa za mwaka mzima, New York na Los Angeles zikiwemo. Ukiona mtu anachora mstari unaopita 2021 bila kusimama hapo, mwambie aweke kalamu chini.

Mauaji peke yake ndio unaweza kuyaamini kidogo. Maiti haifichiki kirahisi.

mti_mkavu

Shikamoo mzee. Kwahiyo mlikuwa mnatuambia tukapatane nyumbani makusudi 😅

Mzee wa Doria

Marahaba. Ndio, na mara nyingine mlipatana.

NesiWaUsiku

Nimemsoma mzee nikacheka mpaka mgonjwa kaamka. Ila naomba niongezee maana hata hayo mauaji ya kuaminika yana kona yake. Mtu akichomwa kisu, kuwa "mauaji" au kuwa "kujeruhi" wakati mwingine kinachoamua ni gari la wagonjwa limefika baada ya dakika ngapi na kama damu ipo. Nia ya aliyechoma ni ile ile, kisu ni kile kile. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2002 uliangalia kuanzia 1960 mpaka 1999, wakakuta uwezekano wa kushambuliwa ukafa ulishuka karibu asilimia 70, na sababu kubwa waliyoitoa ni matibabu ya dharura kuwa bora. Sasa fikiria mji mdogo unaokua, hospitali mpya ikafunguliwa na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24, mauaji yanaweza kushuka wakati watu wanachomana zaidi. Na ule mji ambao hospitali ni ile ile ya miaka 30 iliyopita ila watu wameongezeka nusu, foleni inaua watu ambao kisu kisingewaua.

Nachotaka kusema, kama unataka kujua ukatili wa mji wako usiende kituoni tu, njoo kwetu dharura wikiendi. Cardiff kule Wales kuna daktari wa upasuaji wa taya na uso anaitwa Jonathan Shepherd, alikuwa anashona nyuso za watu waliopigwa, akagundua wengi wa hao polisi hawana habari nao kabisa. Wakaanza kitu rahisi ajabu, mtu wa mapokezi anamuuliza majeruhi wapi, saa ngapi, na silaha gani, basi. Majina yanaondolewa, polisi na halmashauri wanapewa orodha ya sehemu. Wakakuta baa zile zile, mitaa ile ile. Utafiti wao wa 2011 ulionyesha waliolazwa kwa kupigwa walipungua kama asilimia 42 ukilinganisha na miji mingine inayofanana nao. Huyo huyo daktari ndio alipigania glasi za baa ziwe za kioo kigumu kisichopasuka vipande vya kuchana uso, maana ameshashona nyingi.

Mapokezi kwetu tunauliza kadi ya bima tu.

Kona_ya_Mwisho

Mnazunguka sana. Tatizo ni wageni. Mji ulikuwa unajuana, fulani mtoto wa fulani, akikosea babake anaambiwa. Wamekuja watu hawajulikani walikotoka wamepanga vyumba vya geto, ndio wanakaba. Kila mtu anajua ila mnaogopa kusema.

Kalamu Nyekundu

Mkuu sikukejeli, hilo ndio jibu la kwanza la kila mji duniani na lina nusu ya ukweli, tuitafute hio nusu.

Chicago miaka ya nyuma huko, Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za vijana waliofikishwa mahakamani, kitabu chao kilitoka 1942. Wakakuta mitaa ile ile jirani na viwanda, nyumba mbovu, kila baada ya miaka watu wake wanabadilika. Kabila moja la wahamiaji linaingia, linapata pesa linahama, linaingia lingine. Na mtaa unabaki kuwa juu kwa uhalifu ule ule, wakati wale waliohama wakifika mtaa mzuri watoto wao wanatulia. Ingekuwa ni damu ya wageni, uhalifu ungehama nao. Haukuhama, ulibaki na nyumba mbovu.

Nusu yako ya ukweli ni ile ya "kujuana". Robert Sampson na wenzake 1997, Chicago hio hio, waliuliza watu kwenye mitaa 343, ukiona watoto wanafanya uhuni utasema kitu? jirani yako utamwamini? Mitaa ambayo watu wengi walijibu "ndio" ilikuwa na ukatili mdogo hata ukishaondoa umaskini kwenye hesabu. Sasa mtaa ambao wapangaji wanabadilika kila miezi sita hakuna wa kusema kitu, sio kwa sababu ni wabaya, hawajui hata yule mtoto ni wa nani. Kwahiyo mji ukikua haraka kinachokatika ni ule uzi wa watu kukemeana. Ni suala la kasi mkuu, asili ya watu haihusiki.

Dada Mkweli

Na ongeza umri. Ukatili duniani kote ni mambo ya wanaume vijana, kuanzia kubalehe mpaka miaka ya 20 hivi alafu unashuka wenyewe mtu akizeeka. Mji unaokua kwa sababu ya mgodi au ujenzi unaleta nani? Wanaume vijana, hawana wake zao hapo, wana mshahara, jioni hawana pa kwenda ila baa. North Dakota kule Marekani mafuta ya Bakken yalipofumuka baada ya 2006, kiwango cha ukatili (sio idadi, kiwango kwa watu) kilipanda maeneo ya mafuta wakati kaunti za jirani kilishuka. Kwahiyo Kona_ya_Mwisho yupo sahihi kwamba kuna ukuaji unaokuja na ngumi. Ila ukuaji wa chuo, wa mgodi na wa wastaafu wanaojenga nyumba za uzeeni ni vitu vitatu tofauti na sisi tunaviita vyote "mji umekua".

Kona_ya_Mwisho

Hapo kwenye baa na mshahara nakubali. Ila geto bado ni geto.

Mama Wawili

Naombeni niulize maana nimesoma mpaka hapa sijaona. Mnaongea kukabwa, kuchomwa kisu baa, magenge. Mmesahau ndani? Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2021 wanawake na wasichana waliouawa makusudi duniani, asilimia 56 waliuawa na mume, mpenzi au ndugu. Wanaume ni kama asilimia 11. Kwahiyo huo mtaa "tulivu" usio na kibaka kwangu mimi sio tulivu, ni kimya tu.

Na mji ukikua hili ndio halionekani kabisa. Ukihama kufuata kazi ya mume unaacha mama, dada, shangazi. Ukipigwa unakimbilia kwa nani? Zamani ulikuwa unakimbilia nyumba ya tatu kutoka kwenu. Na majirani wapya kwenye ukuta wa matofali wanasikia wanaongeza sauti ya TV. Nyie wenye chati, hizi zinaingia kwenye chati gani?

Kalamu Nyekundu

Mama umenisuta na nimestahili. Zinaingia kwa uchache sana. Marekani wana uchunguzi wa kuuliza watu majumbani kila mwaka, na matukio ya ukatili yanayofika polisi ni chini ya nusu, hapo ni ukatili wote kwa ujumla. Na ile hoja yangu ya "kona chache" hapa inayumba kidogo, maana nyumba hazionekani kwenye ramani ya kona. Ingawa hata humo, polisi wanajua zile nyumba ambazo wanaitwa tena na tena.

Mzee wa Doria

Tulikuwa tunazijua kwa rangi ya geti.

Kalamu Nyekundu

Haya, ahadi yangu ya ushahidi. Lawrence Sherman na wenzake mwaka 1989 walichukua simu zote zilizopigwa polisi mji wa Minneapolis, Marekani, wakaangalia zinatoka wapi. Nusu ya simu zilitoka kwenye kama asilimia 3 ya anwani za mji. Baadae David Weisburd akafanya miji mingi, kipimo chake ni kipande cha mtaa kutoka kona moja mpaka kona nyingine. Mwaka 2015 akaandika kwamba miji mikubwa aliyoipima nusu ya uhalifu ipo kwenye asilimia 4 mpaka 6 ya vipande. Miji midogo je? Asilimia 2 mpaka 3 na nusu hivi. Yaani mji mdogo ndio umebana zaidi! Mji wenye vipande 1,000 vya mitaa, nusu ya shida yake ipo kwenye vipande 20 mpaka 35. Unaweza kuvitembelea vyote kwa miguu siku moja.

Ukishajua hivyo unaacha kutaka "polisi waongezwe wazunguke". Kansas City walijaribu 1972 mpaka 1973, maeneo mengine wakaondoa doria za magari kabisa askari wanakuja wakiitwa tu, mengine wakaacha kama yalivyo, mengine wakaongeza mara mbili au tatu. Uhalifu haukutofautiana, hata hofu ya wananchi haikutofautiana, watu hawakugundua. Gari linalozunguka mji mzima linapita kila mahali na halipo mahali popote.

mti_mkavu

Ukiweka askari kona A vibaka si wanahamia kona B? mnawafukuza kuku wa jirani tu

Kalamu Nyekundu

Nilifikiri hivyo miaka yote. Weisburd alienda Jersey City kupima hilo makusudi, kwenye sehemu za biashara ya ukahaba na za dawa za kulevya, matokeo yakatoka 2006. Hawakuhamia jirani kwa wingi, na mitaa ya pembeni nayo ilipata nafuu kidogo. Walipowauliza wahusika, wakasema kuhama sio rahisi, kona ina wateja wake, ina njia zake za kukimbilia, na kona ya pili ina wenyewe.

Na askari sio dawa pekee. Philadelphia walichukua viwanja vitupu zaidi ya 500 vilivyojaa takataka, vingine wakasafisha wakapanda nyasi na uzio mfupi, vingine wakaviacha kama vilivyo, kipi kisafishwe kikichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Kwenye mitaa maskini zaidi matukio ya bunduki yalipungua asilimia 29 kuzunguka vile vilivyosafishwa, utafiti ulitoka 2018. New York 2016 wakapeleka taa kubwa kwenye baadhi ya makazi ya umma, nako kwa kura, uhalifu mkubwa wa usiku wa nje ukapungua kama asilimia 36. Chicago 2012 vijana wa sekondari kwenye mitaa ya shida walipewa kazi ya likizo wiki 8, miezi 16 iliyofuata kukamatwa kwao kwa ukatili kulikuwa chini asilimia 43 kuliko wenzao waliokosa kwenye kura, na punguzo kubwa lilikuja BAADA ya kazi kuisha, kwahiyo haikuwa tu kwamba walikuwa bize.

Mzee wa Doria

Usisahau watu, umeongelea mahali tu. Boston 1996 walikaa na orodha ya vijana wa magenge, hawafiki 1,500 mji mzima, ila zaidi ya nusu ya mauaji ya vijana yalikuwa yanawahusu wao. Wakawaita, polisi, wachungaji, watu wa ustawi wa jamii chumba kimoja, wakawaambia tunawajua, anayetaka kazi au shule huyu hapa, kundi litakaloua tunalishukia kundi zima. Mauaji ya vijana kwa mwezi yakashuka asilimia 63. Wapo wanaobishana ni kiasi gani kilitokana na mpango maana miji mingine nayo ilikuwa inashuka, ni haki yao.

Kwa mji mdogo hio orodha haijai hata karatasi moja. Nilikuwa nayo kichwani. Shida ikaja nilipohamishwa, orodha ikahama na kichwa.

NesiWaUsiku

Sisi ndio tunawashona, tena kwa zamu. Leo huyu kapigwa, mwezi ujao yeye ndio kapiga na yule aliyempiga yupo kitanda cha pili. Nimeshawahi kuweka pazia katikati usiku kucha.

Kona_ya_Mwisho

Sasa wenye mji unaokua wafanye nini, maana mmemwaga maprofesa mpaka nimechoka. Kwa kifupi.

Dada Mkweli

Kwa kifupi mwombe diwani wako namba za miaka 10 mwezi kwa mwezi, mahali na saa. Akikuletea asilimia moja ya mwaka jana, mrudishie.

Mama Wawili

Na aulizwe mwanamke akipigwa saa 8 usiku anaenda wapi. Mlango upi hasa, nani anafungua.

Mzee wa Doria

Hapo kwa mama pazito. Kwetu mlango ulikuwepo, aliyekaa nyuma yake alikuwa amelala.

mti_mkavu

Wakuu mi nilikuja kuchekesha ila ngoja niseme ukweli. Nimekabwa mara mbili maishani, kila mara nilikuwa nawaambia watu mji huu umekwisha. Nimesoma uzi huu nikakaa nikafikiria... zote mbili ni kichochoro kimoja, kati ya ukuta wa godauni na kile kiwanja kitupu, taa imekufa, na zote ilikuwa saa 3 kwenda 4 usiku. Moja sikuripoti.

Kalamu Nyekundu

Mara mbili kichochoro kimoja! Na bado unapita?

mti_mkavu

Ndio njia ya mkato mkuu.